Njia za Kuifasiri Biblia: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuchagua

Wakristo wawili wanaposhindana juu ya mstari mmoja wa Biblia, kila mmoja huwa mwepesi wa kumshuku mwenzake kwamba imani yake ina kasoro. Anayeshika neno kama lilivyo humwona mwenzake kuwa anakwepa amri kwa maneno ya kisomi, na huyo mwenzake humwona yeye kuwa hajasoma vya kutosha. Shutuma zote mbili kwa kawaida hukosa shabaha. Watu wenye imani moja, waliosali pamoja na kuziheshimu kurasa zile zile, wametofautiana tangu karne za kwanza kwa sababu wanayajibu kwa namna tofauti maswali matatu: maana ya andiko inakaa wapi, nani mwenye neno la mwisho wasomaji wasipopatana, na ni kwa njia gani neno walilopewa watu wa kale linamhusu msomaji wa leo.

Anayetaka kuchagua namna ya kusoma, awe anaandaa somo la kikundi cha Biblia, ananunua kitabu cha ufafanuzi, au anayapima mahubiri anayoyasikia, hafaidiki sana na orodha ya majina ya mikondo. Anafaidika zaidi akiona kila mkondo unalifanyia nini andiko lile lile. Kwa hiyo nitazitaja njia kuu kwa ufupi, kisha niziweke sambamba mbele ya maandiko machache yanayogombaniwa, na baada ya hapo niseme ipi naiona inafaa kwa kazi ipi.

Njia zenyewe

Usomaji wa kihalisi unashika kwamba maneno yachukuliwe kwa maana yake ya kawaida, isipokuwa pale andiko lenyewe linapoonyesha kuwa linasema kwa mfano. Hakuna anayeufuata hadi mwisho. Hata mtetezi wake mkali hang'oi jicho lake la kuume kwa ajili ya Mathayo 5:29, wala hatafuti bawaba pale Yesu anaposema kwamba yeye ndiye mlango. Kinachomtenga na wengine ni mahali anapoweka mpaka kati ya mfano na habari. Karibu naye yupo anayesoma kihistoria na kisarufi, ambaye huuliza mwandishi alikusudia kuwaambia nini wasomaji wake wa kwanza, kwa lugha yao, katika hali yao, na kwa aina ya uandishi aliyoichagua, iwe zaburi, sheria, barua au masimulizi. Njia hii ndiyo inayofundishwa katika vyuo vingi vya kiinjili, na Tamko la Chicago la mwaka 1978, lililotetea kwamba Biblia haina kosa, lenyewe lilisisitiza kwamba aina za uandishi zizingatiwe. Ni vyema kulikumbuka hilo, kwa kuwa wapo wanaolitaja tamko hilo kana kwamba liliwaruhusu kusoma Zaburi na Mambo ya Walawi kwa jicho moja.

Usomaji wa kiistiari unatafuta maana nyingine nyuma ya ile inayoonekana. Hauwezi kupuuzwa kwa urahisi, kwa sababu Paulo mwenyewe aliutumia katika Wagalatia 4 alipowafanya Sara na Hajiri kuwa maagano mawili. Huko Aleksandria, katika karne ya tatu, Origen aliujenga ukawa mfumo. Walimu wa Antiokia, akiwemo Teodoro wa Mopsuestia, waliupinga wakisema kwamba anayeiacha historia ya andiko amejipa uhuru wa kusema lolote. Katika karne ya tano Yohane Kasiano alieleza maana nne zinazoweza kukaa katika neno moja: Yerusalemu ni mji wa Wayahudi kwa historia, Kanisa kwa istiari, roho ya mwanadamu kwa maadili, na mji wa mbinguni kwa tumaini la mwisho. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliukubali mpangilio huo lakini akauwekea kizuizi ambacho kwangu ndicho mchango mkubwa kuliko yote katika mjadala huu: maana zote zinasimama juu ya maana ya kihalisi, na hoja ya mafundisho haijengwi ila juu ya hiyo peke yake.

Kisha upo usomaji unaoanzia ndani ya Kanisa. Kwa Wakatoliki, Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento ulikataza mwaka 1546 kuyafasiri Maandiko kinyume cha maana ambayo Kanisa limeishika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba Maandiko na Mapokeo, yaani mafundisho yaliyorithishwa ndani ya Kanisa, yanakwenda pamoja, na kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Hati hiyo hiyo inamtaka mfafanuzi achunguze mwandishi alikusudia nini na alitumia aina gani ya uandishi, jambo ambalo Papa Pius XII alikwisha kulihimiza mwaka 1943. Kwa hiyo anayedhani kwamba Mkatoliki husoma kwa kuamriwa tu hajazisoma hati zenyewe. Waorthodoksi nao huanzia kwa Mababa wa Kanisa na liturujia, bila ofisi moja ya kutoa uamuzi.

Usomaji wa kihakiki, ambao mwanafalsafa Spinoza aliufungulia mlango mwaka 1670 na vyuo vikuu vya Ujerumani vikaukuza katika karne ya 19, unaichunguza Biblia kama vinavyochunguzwa vitabu vingine vya kale: nani aliandika, lini, kwa vyanzo gani, na nani alihariri baadaye. Kwa njia hii wataalamu wengi wamefikia kauli kwamba Injili ya Marko ilitangulia na kwamba Mathayo na Luka waliitumia, na kwamba sura za 40 hadi 55 za Isaya zinatoka wakati wa uhamisho wa Babeli, zaidi ya karne moja baada ya Isaya wa Yerusalemu. Usomaji wa ukombozi, uliopata jina kupitia kitabu cha padre Gustavo Gutiérrez cha mwaka 1971, na usomaji wa wanawake ambao Elisabeth Schüssler Fiorenza aliupa msingi wa kitaalamu katika miaka ya 1980, huanza na maisha ya anayeonewa na kuuliza andiko linasemaje likisomwa kutoka alipo yeye. Wapentekoste na wanakarisma, kwa upande wao, husoma wakitarajia kwamba Roho aliyewavuvia waandishi anasema sasa, na kwamba yaliyotokea katika Matendo 2 ni kielelezo cha maisha ya Kanisa na si kumbukumbu tu.

Msamaria mwema katika mikono minne

Mfano wa Luka 10 unafaa kuanzia, kwa kuwa karibu kila njia imepita hapo. Augustino, askofu wa Hippo (354–430), aliufasiri kiistiari. Mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu ni Adamu, Yerusalemu ni mji wa mbinguni alioupoteza, wanyang'anyi ni shetani na malaika zake, kuhani na Mlawi ni huduma ya Agano la Kale isiyoweza kumwokoa, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba hiyo ni mtume Paulo. Fasiri hii imeshikana vizuri, nayo inahubirika. Msikilizaji huondoka akijiona kuwa yeye ndiye aliyelala kando ya njia. Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, zaidi ya karne kumi na moja baadaye, aliikataa waziwazi, akiona kwamba heshima kwa Maandiko inamzuia mtu kuibadilisha maana yake ya asili kwa werevu wake. Ana hoja. Mfano ule ulitolewa kwa mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani, na uliishia kwa agizo la kwenda kutenda vivyo hivyo. Mwenye nyumba akiwa Paulo, ambaye wakati huo hakuwa hata mwanafunzi, swali la mwanasheria limeachwa njiani.

Anayesoma kihistoria ataeleza uadui wa Wayahudi na Wasamaria, ambao ulizidi baada ya hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu kubomolewa na Yohane Hirkano mwishoni mwa karne ya pili kabla ya Kristo. Wasikilizaji wa kwanza, wakishasikia kuhani na kisha Mlawi, walikuwa na sababu ya kutarajia kwamba wa tatu angekuwa Mwisraeli wa kawaida. Akaja adui. Historia inasaidia pia kuondoa utetezi ambao wahubiri wengi wamempa kuhani, kwamba aliogopa kutiwa unajisi na maiti kabla ya kuhudumu hekaluni: Luka anasema kuhani alikuwa akishuka njia ile, yaani anaondoka Yerusalemu, kwa hiyo zamu ya hekaluni haiwezi kuwa kisingizio chake.

Usomaji wa ukombozi unaliendeleza swali. Mwaka 1967 Martin Luther King, katika hotuba ya kupinga vita vya Vietnam, alisema kwamba kucheza nafasi ya Msamaria ni mwanzo tu, na kwamba njia nzima ya Yeriko inapaswa kubadilishwa ili watu wasiendelee kupigwa na kuporwa humo. Luka hakuandika hivyo. Hata hivyo, hatua hii inatoka katika agizo la mwisho la mfano na inakwenda upande ule ule, ilhali fasiri ya Augustino inaleta mafundisho ya kweli kutoka mahali pengine na kuyavalisha mfano huu. Hapa kizuizi cha Tomaso kinafanya kazi yake. Kuanguka kwa Adamu na wokovu kwa Kristo vina msingi ulio wazi katika Warumi 5, kwa hiyo istiari ya Augustino inaweza kubaki kama tafakari isiyomdhuru mtu. Lakini atakayesimama na kuthibitisha madaraka ya viongozi wa kanisa kwa kumtegemea mwenye nyumba ya wageni hana msingi wowote.

Ahadi ya Yeremia 29:11

Mstari huu umeandikwa kwenye kadi, kalenda na kuta nyingi: Mungu anayajua mawazo anayowawazia watu wake, nayo ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Msomaji wa ibada binafsi huuchukua moja kwa moja kuwa neno lake la leo kuhusu mtihani, kazi au ndoa. Mhubiri wa mafanikio huugeuza kuwa dhamana ya kwamba jambo lililokwama liko karibu kufunguka.

Ukisomwa mahali pake, mstari huo umo ndani ya barua kwa watu waliohamishiwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia kwamba itapita miaka 70 kabla ya kurudishwa. Sura inayotangulia inasimulia habari za Hanania, nabii aliyetangaza kwamba nira ya Babeli ingevunjwa na vyombo vya hekalu kurudi katika muda wa miaka miwili. Yeremia alimpinga, na Hanania akafa mwaka huo huo. Waliopokea barua waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto na kuutakia amani mji uliowateka, kwa kuwa wengi wao wasingeiona siku ya kurudi. Ahadi ni ya kweli, lakini ilikuwa ahadi kwa taifa, ya muda mrefu kuliko maisha ya wengi waliokuwa wakisikia, na ilitolewa kumkanusha nabii wa mafanikio ya haraka. Anayeutumia mstari wa 11 kuahidi ufumbuzi ndani ya mwezi amesimama upande wa Hanania bila kujua.

Je, muumini asiusome kwa ajili yake? Sidhani hivyo. Usomaji wa ibada, kama ule wa hatua nne ambao mtawa Guigo wa Pili aliueleza katika karne ya 12, yaani kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu, unaruhusu kabisa mtu ajiulize Mungu wa wahamishwa wale ana neno gani kwake. Kinachobadilika akishajua muktadha ni kile anachokitarajia: anapata subira ya watu wanaopanda bustani ugenini, ambayo ni faraja nzito zaidi kwa mgonjwa asiyepona haraka kuliko ahadi inayoisha nguvu kila mwezi unapopita.

"Huu ndio mwili wangu"

Andiko linaloonyesha vizuri mipaka ya kanuni ya "Biblia peke yake", ile ya Waprotestanti kwamba Maandiko ndiyo mwamuzi wa mwisho, ni maneno ya Yesu juu ya mkate. Oktoba 1529 Martin Luther na Huldrych Zwingli walikutana Marburg, kwa mwaliko wa mtawala Philip wa Hesse, wakitafuta umoja wa wanamatengenezo. Wote wawili walikuwa wamekataa mamlaka ya Papa, wote walizisoma lugha za asili, na wote walikubali kwamba Maandiko ndiyo mwamuzi. Walipatana katika vipengele 14 kati ya 15. Katika cha mwisho Luther, ambaye inasimuliwa aliyaandika maneno ya Yesu mezani kwa chaki, alishikilia kwamba "ndio" ina maana ya "ndio", na kwamba Kristo yumo kweli katika mkate. Zwingli alijibu kwa Yohana 6:63, panaposemwa kwamba mwili haufai kitu, akaeleza kwamba tendo ni la ukumbusho na neno ni la mfano, kama pale Yesu anapojiita mzabibu. Waliachana bila kushiriki Meza ya Bwana pamoja.

Wote wawili walikuwa waaminifu na wasomi, na wote walilifasiri andiko kwa andiko. Tofauti yao ilikuwa mahali pa kuweka mpaka kati ya habari na mfano, na kanuni yao haikuwapa njia ya kuuamua mpaka huo. Mkatoliki husema kwamba ndiyo maana Kanisa linahitaji mamlaka ya kufundisha: kwake suala la Ekaristi, yaani Meza ya Bwana, lilikuwa limeamuliwa katika mitaguso na katika ibada ya karne nyingi, hata kabla ya Trento kulitamka tena mwaka 1551. Mprotestanti hujibu kwamba mwamuzi huyo naye anaweza kukosea, na kwamba Kanisa lisiloweza kusahihishwa na Maandiko limejiweka juu yake. Naona kila upande unaijua vizuri hatari ya mwenzake na kuipunguza ya kwake. Anayechagua hapa hachagui kati ya Biblia na kanisa. Anachagua aina ya kosa analoona ni rahisi kulirekebisha, kosa la wengi wanaotawanyika au kosa la mamlaka inayochelewa kujirekebisha.

Mwanzo 1 na Ufunuo 20, kwa haraka

Kuhusu siku sita za uumbaji, msomaji wa kihalisi anahesabu siku za saa 24, na askofu mkuu James Ussher, akizijumlisha nasaba, aliuweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Wengine wanaoamini vilevile kwamba Biblia haina kosa huzichukua siku hizo kuwa vipindi virefu, au mpangilio wa kifasihi ambamo siku ya nne inaijaza ya kwanza, ya tano inaijaza ya pili na ya sita inaijaza ya tatu. Si kweli kwamba mashaka haya yaliletwa na sayansi ya kisasa: Origen aliuliza katika karne ya tatu ni nani atakayedhani kwamba palikuwa na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu pasipo jua, na Augustino aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja. Wahakiki hulinganisha sura hii na masimulizi ya uumbaji ya Babeli yaliyofukuliwa Ninawi katika karne ya 19, na hoja yao yenye nguvu ni kwamba jua na mwezi, vilivyoabudiwa na majirani wa Israeli, hapa ni mianga tu iliyowekwa kazini.

Miaka elfu ya Ufunuo 20 imewagawa hata wanaosoma kwa njia moja. Wapo wanaosubiri utawala wa Kristo duniani baada ya kurudi kwake, wapo wanaoiona kuwa ni kipindi cha ushindi wa Injili kabla hajarudi, na wapo, kwa kumfuata Augustino, wanaoona ni wakati wote wa Kanisa. Mafundisho ya unyakuo wa siri unaotangulia dhiki yalienezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19. Kwa kitabu kilichojaa wanyama wenye vichwa saba, namwona anayeanza kwa kuuliza kilimaanisha nini kwa makanisa saba ya Asia yuko mahali salama kuliko anayeanza na habari za wiki hii.

"Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha"

Hapa tofauti za ufasiri zinagusa maisha ya watu moja kwa moja, na 1 Timotheo 2:12 inastahili muda. Wanaoushika mstari huu kuwa amri ya kudumu husema kwamba Paulo hakuutegemeza juu ya desturi za Efeso, bali juu ya uumbaji, kwa kuwa mstari wa 13 unataja Adamu kuumbwa kwanza. Hoja hiyo ina uzito na haistahili kudhihakiwa. Wanaoushika kuwa agizo la mahali pamoja huonyesha kwamba barua nzima inapambana na mafundisho ya uongo huko Efeso, kwamba Prisila pamoja na mumewe walimfundisha Apolo katika Matendo 18, kwamba Warumi 16 inamtaja Fibi mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kwamba 1 Wakorintho 11 inachukulia kama jambo la kawaida wanawake kusali na kuhutubu mbele ya kanisa. Wahakiki wengi huongeza kwamba barua hii haikuandikwa na Paulo mwenyewe bali na mfuasi wake wa kizazi kilichofuata. Wasomaji wa mkondo wa wanawake huuliza ni nani aliyefaidika na ukimya huo. Kanisa Katoliki linafika kwenye upadre wa wanaume tu kwa njia nyingine: barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1994 iliegemea zaidi uchaguzi wa Kristo wa wale Kumi na Wawili na Mapokeo kuliko mstari huu.

Ninachokidai kwa kila upande ni uthabiti. Mstari wa 9 wa sura hiyo hiyo unawataka wanawake wasijipambe kwa kusuka nywele, dhahabu wala lulu. Msomaji anayeuita huo desturi ya wakati ule, kisha akauita wa 12 amri ya milele, anatakiwa aeleze kanuni iliyomwongoza, na kanuni hiyo iwe imesemwa kabla ya matokeo kujulikana. Vivyo hivyo anayeufuta mstari wa 12 kwa kusema kwamba nyakati zimebadilika anatakiwa aseme ni kwa nini hoja hiyo haifuti pia amri ya kumpenda jirani.

Kuchagua kulingana na kazi

Kipimo changu cha kwanza ni kama njia inaweza kumkatalia anayeitumia. Historia inatoa mifano michungu. Watetezi wa utumwa nchini Marekani waliutumia mstari wa Waefeso 6:5 kama ulivyo, na wakautumia Mwanzo 9 kudai kwamba Waafrika wamelaaniwa katika Hamu, mwana wa Nuhu, ingawa andiko linasema wazi kwamba aliyelaaniwa ni Kanaani. Mwaka 1974 kanisa kubwa la Makaburu wa Afrika Kusini lilitoa ripoti iliyoyatumia masimulizi ya mnara wa Babeli kuhalalisha kutenganisha mataifa, na mwaka 1982 Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Duniani, ukikutana Ottawa, ukatangaza kwamba kuutetea ubaguzi huo kwa teolojia ni uzushi. Katika habari za Hamu kilichohitajika kuubomoa uongo kilikuwa kusoma kwa makini zaidi. Katika Waefeso 6 hakikutosha. Ilibidi kuliweka andiko mbele ya Biblia nzima, na kuwasikiliza waliokuwa chini ya mjeledi. Ndiyo sababu siamini kwamba njia moja inatosha peke yake.

Kwa mwalimu wa kikundi au wa shule ya Jumapili ningependekeza kuanza na usomaji wa kihistoria na kisarufi, kwa kuwa ushahidi wake uko wazi kwa wote: anayepinga anaweza kufungua sura, akasoma mistari inayotangulia na kuonyesha kosa. Kwa sala ya mtu binafsi, usomaji wa ibada na hata wa kiistiari una nafasi pana, mradi matunda yake yasigeuzwe amri kwa wengine. Augustino mwenyewe alikuwa na kanuni inayosaidia hapa, kwamba ambaye fasiri yake haijengi upendo wa Mungu na wa jirani bado hajayaelewa Maandiko. Kwa uamuzi unaowabana wengine, kama vile nani ahudumu, nani aoe tena baada ya talaka, au nani atengwe, msomaji mmoja asijitegemee. Ni hapo ambapo sauti ya kanisa la karne nyingi na sauti ya atakayeumizwa na uamuzi huo zinahitajika zote mbili kabla ya neno la mwisho. Usomaji wa kihakiki ni wa lazima kwa anayesomea teolojia na una manufaa kwa yeyote anayekutana na ugumu halisi, kama vile mwisho wa Marko: mistari ya 9 hadi 20 ya sura ya 16, inayotaja kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha, haimo katika hati mbili za kale zinazoheshimika sana, ya Sinai na ya Vatikano. Mtu asiyaweke maisha yake hatarini juu ya mistari hiyo kabla ya kulijua jambo hilo. Wanakarisma wanatukumbusha kwamba andiko linasomwa ili litendwe, na wanayo haki. Lakini ufunuo anaodai mtu mmoja kuupata juu ya mstari hauwezi kukaguliwa na mwingine, kwa hiyo ningeuweka mwisho katika kuthibitisha na si mwanzo.

Anayenunua Biblia yenye maelezo chini ya ukurasa au kitabu cha ufafanuzi asome dibaji kabla ya kulipa, kwa sababu mkondo wa mwandishi hutajwa humo. Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 iliyaweka maelezo ya mfumo wa Darby, yule aliyeeneza mafundisho ya unyakuo, kwenye ukurasa mmoja na andiko, na wasomaji wengi wakashindwa kutenganisha kilichosemwa na mtume na kilichosemwa na mhariri. Aangalie pia idadi ya vitabu, kwa kuwa Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73 na Waorthodoksi wa Ethiopia 81, na ufafanuzi wa kanisa moja unaweza kutegemea kitabu ambacho jingine halina. Kisha afungue kurasa za andiko lenye ubishi, 1 Timotheo 2 au Ufunuo 20, aone kama mwandishi anazieleza hoja za wapinzani wake kwa namna ambayo wapinzani hao wangezitambua kuwa ni zao. Asipoziona, akichukue kitabu hicho pamoja na kingine cha mkondo tofauti, au akirudishe rafuni.